Sehemu ya pili inakula pesa ya nani?



Jumapili nilimpa kijana wangu pesa ya kuingia ukumbi wa video, kuangalia filamu ya Bongo, yaani ya Tanzania. Akarudi amenuna: hadithi imekatwa katikati. Jumatatu akaomba pesa ingine, ya sehemu ya pili. Ile pesa ilikuwa ya chumvi.

Hadithi haikatwi bure. Wakati wa Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, filamu nyingi za Bongo ziliuzwa kwa sidii mbili, sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Hadithi moja, mauzo mawili. Filamu zikawa nyingi, zikatengenezwa kwa haraka, na mambo yale yale yakajirudia. Watazamaji wengi wakachoka, wakaenda kwa filamu za nje. Wezi wa kunakili nao wakaongeza hasara. Mwaka 2017 waigizaji waliandamana Dar es Salaam, wakilalamika kwamba filamu za nje zinauzwa bei rahisi na kuwaharibia soko.

Hata matajiri yamewapata. Disney ya Marekani, wenye filamu za Marvel, waliongeza filamu na tamthilia mpaka watu wakashiba. Mei 2024 mkubwa wao, Bob Iger, alisema watapunguza: filamu mbili kwa mwaka, zikizidi ni tatu, na tamthilia kama mbili.

Sisi wa mandazi tunalijua jambo hili. Wamama kumi wakikaanga asubuhi moja, bei inaanguka. Na ukipunguza unga ili upate mandazi mengi, mteja ananunua leo, kesho anapita mbele yako bila kukusalimia.

Basi, kabla ya kumpa mtoto pesa, tuulize: hadithi inaisha leo? Tena twende pamoja kwa mwenye ukumbi, tumuombe aonyeshe sehemu zote mbili kwa bei moja. Mama mmoja atajibiwa vibaya, kikundi kitasikilizwa.

Na ninyi wamama wetu wa mchezo wa kuigiza, mnaotaka kucheza kila juma: mchezo mmoja kwa mwezi, uliofanyiwa mazoezi vizuri, utajaza viti. Minne ya haraka itavimaliza.

Tuonane juma lijalo.