Muheza Haina Uhaba wa Michungwa

Wiki iliyopita mhubiri mmoja alisema redioni kwamba ukimpa maskini miche mitano ya matunda umemtoa kwenye umaskini, yeye na wajukuu zake. Kisha ikatajwa namba ya kutuma mchango. Hesabu hiyo nimeisikia kanisani, nimeisikia kwa wafadhili, nimeisikia kwa wanasiasa wakikabidhi miche mbele ya kamera, na kila mara najiuliza kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kushuka Muheza msimu wa machungwa.

Muheza, mkoani Tanga, ina michungwa. Ilipandwa na babu, ikapaliliwa na baba, wakairithi watoto. Kama mti wa matunda ungekuwa unamtoa mtu kwenye umaskini, wilaya ile isingekuwa na maskini hata mmoja. Lakini msimu ukikolea, dalali anaingia shambani, anautazama mti kuanzia shina hadi kilele, anataja bei kwa jicho. Hana mizani, wala hahesabu matunda. Mkulima anadaiwa shuleni, na chungwa halina subira, basi anakubali. Huyo naye ana nafuu. Mwenzake alishauza tangu machungwa yakiwa madogo kama golori, kwa sababu ugonjwa ulibisha hodi kabla ya mavuno. Vijana wanachuma na kuchambua. Makubwa yanapakiwa kwenye lori la Fuso kwenda Dar es Salaam, au yanavushwa Horohoro kuingia Kenya. Madogo na yenye madoa yanaachwa chini ya mti. Pita hapo baada ya siku chache: chungwa limelainika upande ule uliolalia udongo, limeota ukungu wa kijani, na harufu ya uchachu unaipata ukiwa bado njiani. Na hapo ndipo mtu anataka kuongeza miche mitano!

Mjomba wangu alikata sehemu ya michungwa yake akapanda mihogo. Majirani walidhani amechanganyikiwa. Akawaambia muhogo unakaa ardhini ukimngojea mnunuzi, ila chungwa likiiva, dalali ndiye anayeamua utakula nini. Hakuna semina ya ujasiriamali iliyowahi kunieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Mkulima mti anao. Bei ndiyo hana.

Wala si Muheza peke yake. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia alibainika Kenya, na haukupita muda akawa ameenea Tanzania. Anataga mayai ndani ya embe. Ukilipasua unakuta funza. Mwaka 2014 Kenya ikasitisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na biashara hiyo haikurejea hadi 2021. Miaka yote hiyo miembe ya Makueni, huko Kenya, ilikuwa palepale, imesimama na inazaa. Ilimsaidia nini mkulima aliyelitegemea soko lile? Kilichohitajika ni mitego, matunda yaliyoanguka kuokotwa na kufukiwa, na wakulima wa eneo zima kufanya kazi hiyo kwa pamoja, maana nzi wa jirani ni nzi wako. Kaunti ya Makueni ikajenga na kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba. Kazi za namna hii hazipakiwi kwenye pikapu zikakabidhiwa kwa makofi.

Watetezi wa miche wana jibu lao wanalolipenda: hata mti ukikosa soko, utatoa kivuli. Kivuli! Mama anadaiwa dukani, mtoto ana homa, nauli ya kwenda hospitali hana, nanyi mnamhesabia kivuli kuwa ni pato. Nani kati yenu aliyewahi kumpelekea Mangi wa dukani kivuli akarudi nyumbani na kilo ya unga?

Halafu kuna ardhi, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Yupo maskini wa kijijini asiyelima shamba lake. Amekodi ekari kwa msimu mmoja, na sharti la kwanza la mwenye shamba ni kwamba asipande mazao ya kudumu, kwa kuwa huku pwani aliyepanda mti ana madai. Zanzibar tangu zamani mti wa mtu huweza kusimama kwenye ardhi ya mwingine, na kila mmoja anakijua chake. Mjane akipewa mche aupande wapi? Mashemeji wakiuona tu, kikao cha ukoo kinaitishwa. Matokeo yake miche inakwenda kwa mwenye ekari kumi, ambaye mara nyingi ni ndugu wa aliyeandika orodha. Na huko kwenye ekari kumi, kiangazi kikibana, ndoo ya kumwagilia inabebwa na mwanamke, kichwani.

Tukiwa kwenye dhuluma, niiseme na lumbesa, ule ujazaji wa gunia kupita kipimo. Sheria ya vipimo ipo, Wakala wa Vipimo upo, na bado gunia linaondoka kijijini na kilemba chake juu, limefungwa kamba, mchana kweupe.  

Mwenye fedha za kununua miche elfu moja anunue mizani, aikabidhi kwa kijiji. Ajenge banda la kukusanyia matunda, lenye sakafu na paa. Aweke kalavati pale ambapo Fuso hukwama kila masika, ili wanunuzi wafike watatu badala ya mmoja anayejipangia bei. Na kama bado zimebaki, aziweke AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mkulima akopeshwe ada na pesa ya matibabu machungwa yakiwa bado machanga, alipe akishavuna, asilazimike kuuza tunda ambalo halijaiva.