Nyumbani na Sokoni: Kipimo Kimoja



Msimu wa karafuu ukifika kusini mwa Pemba, mtu ashukaye bandarini Chokocho kutoka Kisiwa Panza hana haja ya kuuliza wenyeji wana kazi gani. Pua yake yamwambia. Majamvi yametandikwa mbele ya nyumba, karafuu zimeanikwa, na mtoto ameketi kando na kijiti chake kufukuza kuku, huku akitazama mawingu. Maana mvua ikishuka ghafula, kazi ya siku nyingi yaweza kuharibika kwa robo saa. Karafuu iliyolowana na kurundikwa huchacha, rangi yake hupauka, na mnunuzi ajuaye kazi yake huitambua mara moja.

Tena yatupasa kukumbuka jambo hili: kilo tatu hivi za karafuu mbichi hutoa kilo moja tu ya karafuu kavu. Mtu amepanda mti mrefu wenye matawi mepesi kukatika, amechuma, amechambua, ameanika na kuanua, kisha jua limemchukulia theluthi mbili za mzigo wake. Zile kilo mbili zilikuwa maji. Basi hapo ndipo jaribu linapoanza, maana maji ni rahisi kuyarudisha.

Tuseme yuko mtu, tumwite Fulani, ambaye kesho atapeleka gunia lake kituoni kuuza. Nguo za skuli za watoto hazijanunuliwa, na dukani ana deni. Jioni jirani amjia na kumnong'oneza: "Nyunyiza maji kidogo usiku huu. Na katikati ya gunia tia makonyo. Nani atajua?" Fulani asitasita. Yule jirani aongeza maneno mawili: la kwanza, "Kila mtu afanya hivi", la pili, "Hata wao wanatupunja."

Mwezi huu napenda tuyapime maneno hayo mawili pamoja, wala tusimcheke Fulani. Twamfahamu sana mtu huyu. Mara nyingine ni sisi wenyewe.

Tuanze na lile la kwanza. Tuseme kweli wengi wafanya hivi: je, hasara yaenda kwa nani? Gunia la Fulani halisafiri peke yake. Likifika ghalani huchanganywa na magunia ya watu wengine, na yote huenda ng'ambo kwa jina moja. Mnunuzi aliye India au Singapore hamjui Fulani, wala hajui Chokocho iko wapi. Yeye ajua neno moja tu, Zanzibar. Akikuta unyevu na vijiti ndani ya mzigo, hamwandikii Fulani barua. Hupunguza bei ya mzigo wote, au huenda kununua Madagascar au Indonesia, maana wako wengi wenye karafuu duniani.

Ndiyo kusema, maji ya Fulani hayakuibwa kwa mnunuzi, wala hayakuibwa kwa Serikali. Yameibwa kwa jirani yake wa nyumba ya tatu, mjane aliyeanika karafuu zake siku nne juu ya jamvi safi na kuziondoa makonyo moja moja kwa vidole vyake. Yeye ndiye alipaye. Wala hatajua kamwe kwa nini bei imeshuka.

Jina la karafuu za visiwa hivi halikupatikana kwa siku moja. Mikarafuu ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mashamba mengi ya Unguja, na tangu wakati huo Pemba ndiyo imekuwa mama wa zao hili. Mwaka 1934 ziliwekwa sheria za kupanga karafuu kwa madaraja kabla ya kusafirishwa, kwa sababu watu wa wakati ule nao waliona hatari hii hii. Na katika miaka ya karibu Zanzibar imefanya juhudi ya kuipa karafuu yake alama yake yenyewe katika masoko ya dunia. Lakini alama ni rangi juu ya karatasi. Kinachoipa nguvu ni yale yatakayoonekana gunia likifunguliwa.

Sasa tuje kwa neno la pili: "Hata wao wanatupunja." Hili ni zito zaidi, wala si haki kulitupa kama upuzi, maana lina ukweli ndani yake. Karafuu za kwanza za visiwa hivi zilichumwa na watumwa, na utumwa haukuvunjwa kwa sheria hapa mpaka mwaka 1897. Baadaye, mwaka 1927, kilianzishwa chama cha wakulima wa karafuu, na sheria ya mwaka 1937 ikakipa mamlaka juu ya ununuzi wa karafuu za kupelekwa ng'ambo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakakataa kuzinunua, hapa na kule India, hata yakafanyika mapatano mwaka 1938. Kisha mwaka 1968 likaundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, likawa ndilo mnunuzi. Kwa miaka mingi bei aliyopewa mkulima ilikuwa mbali sana na bei ya dunia. Matokeo yake yajulikana na kila mwenyeji wa pwani ya Pemba: magunia yaliondoka usiku kwa mashua kwenda pwani ya Kenya. Yaliitwa magendo, na watu walifungwa kwa ajili yake.

Mwaka 2011 bei ya daraja la kwanza ilipandishwa hadi shilingi 15,000 kwa kilo, na karafuu zilizokuwa zikikimbia zikaanza kurudi vituoni. Hapa pana fundisho kwa wenye mamlaka wa kila namna, nao hawana budi kulisikia: doria na kifungo havikufanya kazi ambayo bei ya haki iliifanya. Atakaye wadogo wawe waaminifu kwake, na aanze yeye kuwa mwaminifu kwao.

Lakini, ndugu yangu Fulani, je, hayo yayahalalisha maji yako? Anayekupunja yuko juu, na wewe walipiza kisasi kwa aliye kando. Maji uliyonyunyiza hayakupunguza hata senti moja ya mshahara wa karani. Deni la mtu mmoja umelidai kwa mwingine asiyekukopa kitu.

Tena kuna jambo jingine, nalo lanihuzunisha zaidi, kwa kuwa latupata hata sisi tunaojiona wema. Torati yakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni mwake, zito na jepesi, au vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Majirani zetu Waislamu nao wanayo sura nzima iitwayo kwa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin, yenye kuwakaripia wale wanaojipimia kamili na kuwapimia wengine pungufu. Basi katika jambo hili nyumba zote za Pemba, ziwe za Kikristo au za Kiislamu, zimeonywa kwa neno moja.

Na sisi twasema, "Mimi sina pishi mbili." Haya, tutazame. Mchumaji ashukapo mtini na pakacha lake, hupimiwa karafuu zake ili alipwe. Je, pishi aliyopimiwa ilikuwa ya mfuto, au ilifurikishwa hata karafuu zikamwagika ukingoni? Na wewe upelekapo zako kituoni, wataka mizani isimame wapi? Mwenye shamba anayelalamika asubuhi kwamba Serikali imempunja, na jioni amfurikishia pishi kijana aliyepanda mti, huyo anazo pishi mbili, ijapokuwa chombo ni kimoja. Kijana huyo ameweka maisha yake juu ya tawi. Wako wanaoanguka kila msimu, wengine hawainuki tena. Hao wakumbukwe kabla karafuu hazijahesabiwa.

Na yule anunuaye karafuu zingali mtini, miezi kabla ya mavuno, kwa mtu mwenye mgonjwa ndani? Ampa fedha kidogo leo, achukue mzigo mkubwa kesho, na kusema, "Alikubali mwenyewe." Kweli alikubali. Mtu anayezama naye hukubali kamba yo yote. Lakini swali letu si kama alikubali. Swali ni kama wewe ungaliikubali bei ile siku ambayo huna njaa.

Hata maneno ni kipimo. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vizuri na vibaya vyote vyatembezwa, kwa sauti na kwa picha, na si dhambi mtu kutangaza mali yake. Mwenye kusema, "Mafuta haya ya karafuu hutuliza maumivu ya jino," amesema kweli, na mwenye jino atamshukuru. Lakini mwenye kuyauza mafuta yale yale kuwa ni dawa ya kuponya kisukari amempunja mgonjwa kitu kilicho zaidi ya fedha, maana huenda mgonjwa akaiacha dawa yake. Na yule amwuziaye mgeni manjano kwa jina la zafarani, tena katika visiwa visivyolima zafarani, ajidanganya akisema mgeni hatarudi. Mgeni ana ndugu na ana mdomo.

Labda mtu atasema, "Umetukaripia wauzaji, na wanunuzi je?" Ni haki. Nitatoa mfano mmoja. Wakati wa kuvunjwa kwa utumwa walikuja Pemba Wakristo wa jamii ya Marafiki kutoka Uingereza, wakapata shamba huko Banani, karibu na Chake Chake, ambapo watu waliotoka utumwani walifanya kazi kwa ujira. Watu wa jamii hiyo walijulikana kwao tangu karne ya 17 kwa kutaja bei moja tu kwa kila mteja, hata mzazi akaweza kumtuma mtoto dukani bila hofu. Ni sifa njema sana.

Lakini katika jamii hiyo hiyo alikuwako William Cadbury, wa kiwanda kikubwa cha chokoleti. Mwaka 1901 alipata habari kwamba kakao ya kisiwa cha São Tomé, kilichokuwa chini ya Wareno, ililimwa na watu waliokuwa watumwa kwa hakika ijapokuwa si kwa jina. Mwaka 1905 alimtuma mtu, Joseph Burtt, aende kuchunguza. Habari zilithibitika. Hata hivyo kampuni haikuacha kununua kakao ile mpaka mwaka 1909. Gazeti moja lilipowalaumu, walilishtaki na wakashinda kesi, lakini fidia waliyopewa ilikuwa robo peni tu. Simtaji mtu huyu kwa kumhukumu, maana alifanya zaidi ya wengi wa wakati wake. Namtaja ili tuone kwamba hata mtu mwema aweza kujua jambo leo, na kuliacha likae miaka minane kwa sababu hesabu zake zinamwambia angoje. Nasi tununuapo kitu kwa bei ya chini mno, tuulize: ni nani aliyelipa kilichobaki?

Sasa niseme neno la mwisho kwa uwazi. Sitamwahidi Fulani kwamba akiuza karafuu kavu na safi atatajirika. Huenda mwaka huu jirani yake mwenye maji akarudi na fedha nyingi kuliko yeye. Uaminifu una gharama, na anayesema hauna gharama hajapata kuuza kitu siku ya shida. Lakini kila soko lililoharibika liliharibika kwa watu waliosemezana, "Wao ndio walioanza." Halitapona mpaka apatikane mmoja wa kusema, "Basi mimi ndimi nitakayeanza kuacha." Na aanikaye vizuri juu ya jamvi, auzaye makonyo peke yake kama makonyo, kwa kuwa nayo yana bei yake na hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, amlipaye mchumaji siku ile ile kwa pishi ya mfuto, na atajaye ila ya mali yake kabla hajaulizwa, huyo ameanza.

Wazazi, jioni moja kabla ya kulala, ulizeni watoto wenu maswali haya matatu, nanyi walimu darasani vivyo hivyo. Je, nyumbani kwetu tuna kipimo kimoja au viwili? Kuna mtu ye yote ambaye kazi yake tumeifanya, au ametufanyia, na malipo hayajatimia? Na kama gunia letu lingaliweza kusema, lingalisema nini mbele ya mnunuzi?

Mtoto wa jamvini, yule mwenye kijiti cha kufukuza kuku, husikia zaidi ya tunavyodhani. Usiku ule jirani aliponong'ona, yeye alikuwa macho, akingoja kusikia baba yake atajibu nini.