Haki ya mgonjwa huanzia kwenye dirisha la mapokezi

Miaka kadhaa iliyopita alikuja katika kliniki yangu bwana mmoja wa makamo ambaye hakuwa amewahi kutibiwa kwetu. Alipofika kwenye dirisha la mapokezi karani alimwuliza jina, umri, nambari ya simu na mahali anapoishi. Kisha akamwuliza, kwa sauti iliyosikika hadi benchi la mwisho: "Unaumwa na nini?" Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu saba au wanane, na mmoja wao alikuwa jirani yake. Yule bwana alijibu kwamba anaumwa na mgongo.

Karani aliandika "maumivu ya mgongo" kwenye kadi, na kadi ikaletwa mezani pangu. Nilimwuliza habari za mgongo, nikampima mgongo, nikamwandikia dawa za kutuliza maumivu. Mlango ulikuwa wazi nusu na muuguzi alikuwa akiingia na kutoka. Mgonjwa alinishukuru, akalipa, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye alirudi akitembea kwa shida. Korodani moja ilikuwa imevimba na kumwuma sana. Ndipo aliposema ukweli. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa akitokwa na usaha na kuhisi kuchomeka kila alipokwenda haja ndogo. Ulikuwa ugonjwa wa kisonono, ambao tungeanza kuutibu siku ile ile. Katika wiki hizo tatu alikuwa amemwambukiza mkewe, na mama huyo alikuwa ameanza kuumwa na tumbo la chini. Kisonono kisipotibiwa mapema kinaweza kuharibu na kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke. Waliosema kwamba mficha uchi hazai walijua walilokuwa wakisema.

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa kwa kudanganya. Mimi nasema kosa lilikuwa letu. Tulimtaka mtu aseme siri yake mbele ya jirani yake, na aliposhindwa, mimi niliyesomea kazi hii nilikubali kilichoandikwa kwenye kadi bila kufunga mlango na kumwuliza tena.

Wananchi wengi hudhani kwamba haki za mgonjwa ni mambo makubwa ya mahakamani: mtu aliyepasuliwa vibaya, au mama aliyezuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Hayo ni mambo mazito. Lakini kwa watu walio wengi haki hiyo hulindwa au kupotea katika dakika tano za kwanza, wanapoandikishwa kwa daktari mpya.

Hapa kwetu hatuna utaratibu wa kila mwananchi kuwa na daktari wake wa familia. Madaktari bingwa wa tiba ya familia walianza kufunzwa katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, na hadi leo ni wachache. Kwa jamaa nyingi, daktari wa familia ni yule mwenye kliniki pale sokoni, au afisa wa kliniki katika zahanati ya kata, ambaye amewatibu mama na watoto kwa miaka. Siku unapofungua faili kwa mtu kama huyo unaanza uhusiano ambao huenda ukadumu miaka ishirini. Yanayoandikwa siku hiyo ndiyo yatakayosomwa kila utakaporudi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inampa mgonjwa wajibu wa kumpa mhudumu habari za kweli kuhusu afya yake. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba habari za mgonjwa, za ugonjwa wake na za matibabu yake, ni siri. Mambo haya mawili hayawezi kutenganishwa. Huwezi kumdai mtu ukweli huku umemweka mahali ambapo masikio kumi yanamsikiliza.

Aidha, sheria inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yanayowezekana, hatari zake na gharama zake, na kila inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa hivyo mzee asiyejua Kiingereza asione haya kuuliza neno lililoandikwa kwenye kadi yake lina maana gani. Naye akina mama wanaoulizwa kama wamepimwa virusi vya Ukimwi wajue kwamba sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ndipo apewe matibabu. Kushauriwa kupimwa ni jambo jema, nami huwashauri wagonjwa wangu kila siku. Kulazimishwa ni jambo jingine.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Una haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zisahihishwe iwapo zina kosa. Daftari la wagonjwa lililoachwa wazi dirishani, ambapo kila anayekuja husoma majina na magonjwa ya waliomtangulia, ni kinyume cha haya yote.

Kitambulisho na pesa

Swali ninaloulizwa sana ni hili: je, daktari anaweza kunikataa kwa sababu sina kitambulisho, au sijalipa?

Kwanza tutenge mambo mawili. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua mahali pa NHIF, wananchi wamehimizwa kujiandikisha huko, na kitambulisho huhitajika. Huo ni utaratibu wa kuamua nani atalipa gharama. Kufungua faili kwa daktari ni jambo lingine, na kusudi lake ni kujua mgonjwa ni nani na ana historia gani ya maradhi. Kliniki ina haki ya kuuliza jina lako na ya kukuambia ada yake. Wewe nawe una haki ya kuijua ada hiyo kabla ya kuhudumiwa, si baadaye.

Lakini katika hali ya dharura hakuna cha kitambulisho wala cha pesa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Chini ya Sheria ya Afya, hospitali au kliniki yenye uwezo wa kutoa matibabu hayo ikikataa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Mtoto mwenye degedege, mama anayevuja damu, mtu aliyegongwa na pikipiki: hawa hutibiwa kwanza, na maswali ya karani huja baadaye.

Hata Uingereza, ambako wakaazi huandikishwa kwa daktari wa mtaa wao, kliniki hazitakiwi kumkataa mtu kwa sababu tu hana kitambulisho wala hati ya kuonyesha anakoishi. Sisi tuna shida zetu, lakini haitupasi kumfanya mgonjwa ajihisi kama mshukiwa kwenye kituo cha polisi.

Upande wa wahudumu

Najua wenzangu watanijibu. Watasema kliniki ni chumba kimoja na pazia, karani ni mmoja, wagonjwa ni themanini, na lazima mtu aulizwe anaumwa na nini ili aliye mahututi asikae kwenye foleni hadi azimie. Watasema pia wako wanaotoa majina ya uongo wakatoroka bila kulipa. Haya yote ni kweli. Mimi mwenyewe nimetorokewa.

Hata hivyo, mengi hayahitaji pesa. Baada ya kisa nilichosimulia tulisogeza benchi la kungojea hatua chache kutoka dirishani, na karani akaacha kuuliza ugonjwa. Siku hizi huuliza jambo moja tu: "Kuna jambo la haraka, au unaweza kungoja?" Anayevuja damu, anayeshindwa kupumua au mwenye maumivu makali ya kifua hupelekwa moja kwa moja. Wengine hueleza shida zao ndani, mlango ukiwa umefungwa. Daftari huwekwa upande wa karani, likiwa limefunikwa. Gharama ya mabadiliko hayo ilikuwa kununua pazia na kuzungumza na wafanyakazi kwa muda wa saa moja.

Karani naye asilaumiwe bure. Mara nyingi hakuna aliyemfunza. Ni kazi ya mwenye kliniki kumweleza kwamba siri ya mgonjwa inamfunga yeye kama inavyomfunga daktari, na kwamba habari za dirishani haziendi nyumbani wala kwenye matatu.

Ufanye nini siku ya kwanza

Msomaji, utakapokwenda kwa daktari mpya, usiende kama mtu anayeomba msaada. Ukiulizwa dirishani unaumwa na nini na hutaki wengine wasikie, sema kwa adabu: "Nitamweleza daktari." Hayo ni majibu kamili, na hakuna anayepaswa kukukasirikia. Ukifika ndani ukakuta mlango wazi, omba ufungwe. Kama umekuja na mume, mama mkwe au kijana wako na kuna jambo usilotaka alisikie, mwombe daktari azungumze nawe peke yako.

Kisha timiza wajibu wako. Mwambie dawa unazotumia, pamoja na za miti shamba na zile ulizonunua dukani bila kuandikiwa. Mwambie kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru, hasa penisilini, kwa maana kosa hapo linaweza kuua. Mwambie kama una mimba au unadhani unayo, kama umewahi kupasuliwa, na kama kwenu kuna kisukari au shinikizo la damu. Hakikisha ameyaandika. Ukiona jina au umri umeandikwa vibaya, sema yarekebishwe papo hapo.

Una haki pia ya kujua anayekutibu ni nani. Mwulize kama ni daktari, afisa wa kliniki au muuguzi; wote wana kazi yao na si matusi kuuliza. Daktari anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno na kuwa na leseni ya kufanya kazi. Na ikiwa siku moja utahama mtaa au kutaka maoni ya daktari mwingine, omba muhtasari wa matibabu yako uende nao. Nimewapokea wagonjwa wa kisukari wa miaka kumi waliokuja mikono mitupu, wasijue hata jina la dawa waliyokuwa wakimeza, kwa kuwa waliogopa kumwudhi daktari wa kwanza. Mgonjwa si mali ya kliniki.

Ukitendewa visivyo, anza kwa kuzungumza na msimamizi wa kituo hicho. Sheria inataka kila kituo kibandike mahali pa wazi utaratibu wa kuwasilisha malalamiko. Pasipobandikwa kitu, uliza. Iwapo hutasikizwa, baraza nililolitaja hapo juu hupokea malalamiko kuhusu madaktari, na kama siri zako zimetolewa, iko Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Yule bwana na mkewe walipona. Yeye angali anakuja kwetu, na huleta watoto wake. Lakini nilimwomba radhi siku ile, na nikamwomba mama pia, maana yeye aliugua kwa kosa ambalo lilianzia dirishani petu akiwa hayupo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi wahudumu tujiulize ni mara ngapi tumewafanya watu wayafiche.