Nani atasimulia habari za wanachuo wa Mtwara?

Nimekuwa kimya siku kadhaa, kazi zilinibana. Leo nimerudi na jambo moja linalonikera, nalo linatuhusu sisi tuliopita vyuoni na nyinyi mlioko huko sasa.

Juzi mwanachuo mmoja alinifuata. Anaandika juu ya maisha ya wanafunzi wa hapa wakati wa vurugu za gesi za mwaka 2013. Nikamwuliza amepata nini. Akacheka kwa uchungu: "Kaka, nina magazeti ya Dar tu. Wanafunzi wenyewe hawakuacha hata karatasi moja."

Nikamwambia hebu turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 chuo kikuu hakikuwepo popote Afrika Mashariki. Makerere yenyewe ilianza 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi 14. Mji huu wa Mtwara tunaoujua haukuwepo pia, bandari yake ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga. Mji wa pwani hii ulikuwa Mikindani. Kijana wa huku aliyetaka elimu ya juu ya wakati ule alishuka pwani, akapanda chombo, akaenda Unguja, kwenye chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani cha wamisionari wa UMCA.

Na pale Kiungani kulikuwa na gazeti! Liliitwa Msimulizi, lilianza 1888, likichapwa chuoni hapohapo kwa Kiswahili. Habari za chuo na za vituo vya misheni, vikiwemo vya huku kwetu Ruvuma, zilikusanywa humo. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alisoma Kiungani, akaja kufanya kazi Chitangali, na 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile. Baadaye, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga nayo ikawa na gazeti lake, Kiongozi, lililodumu mpaka vita vilipolizima.

Najua kuna watakaosema: hayo yalikuwa magazeti ya wakubwa, ya misheni na ya Mjerumani. Ni kweli. Mwanafunzi hakuwa huru kuandika kila lililomkaa moyoni. Usitegemee kusoma ukweli wote wa Majimaji ya 1905 kwenye gazeti la serikali iliyokuwa ikiwaua watu. Lakini karatasi zilichapwa, zikawekwa tarehe, zikatunzwa. Leo tunaweza kuzisoma na kubishana nazo. Utabishanaje na kitu kisichokuwepo?

Mimi mwenyewe nina kosa. Nikiwa chuoni (nisikitaje) tulikuwa na gazeti la ukutani. Tuliandika habari ya maji kukosekana bwenini. Asubuhi yake ubao ulikuwa mtupu, na mhariri wetu ameitwa ofisini. Tukanung'unika, tukanyamaza. Kinachoniuma zaidi si kuchanwa kwa ile karatasi. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nakala. Waliochana walimaliza kazi kwa dakika moja kwa sababu sisi tuliwarahisishia.

Siku hizi habari za chuo ziko kwenye makundi ya WhatsApp. Simu ikiibwa, basi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilipovamiwa na watu kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mwanachuo mwenye ndugu kule alipata habari kwa sauti za simu. Sauti zile ziko wapi leo? Miaka mia ijayo, mtoto wa Msimbati akiuliza babu zake walisoma vipi na walihofia nini, atajibiwa na watu wa mbali ambao hawakuwepo.

Ombi langu kwa wanachuo wa Stella Maris, wa vyuo vya ualimu na vinginevyo hapa kwetu ni dogo. Anzisheni gazeti, hata la kurasa nne kwa mwezi. Andikeni ada, chakula, mpira, mapenzi, mgomo, mtihani. Wekeni tarehe na jina la mwandishi. Kisha nakala tatu: moja maktaba ya chuo, moja nje ya chuo, moja nyumbani kwa mtu mnayemwamini. Na wakuu wa vyuo, msiogope habari ya bomba lisilotoa maji. Tengenezeni bomba.

Yule kijana nimempa daftari langu la mwaka 2013. Kurasa sita tu, mwandiko mbaya. Amelishika kama dhahabu. Jamani, kurasa sita!

Nawasilisha. Tuonane wiki ijayo.