Maarifa ya Ufundi: Rezista Ndogo Inayolinda Taa Kubwa

Ndugu msomaji, huenda utasema: "Mimi ni mkulima. Gitaa la umeme na amplifaya yake vyanihusu nini?" Swali lako ni la haki. Lakini vijana wengi wanajifunza ufundi wa umeme, na mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe ada hapendi kumwona mwanawe akirudi nyumbani na mikono iliyoungua, au asirudi kabisa. Tena amplifaya za taa, ambazo wengi walidhani zimekwisha wakati transista zilipoingia, zapendwa na wapiga gitaa hata leo. Taa zake zingali zikitengenezwa Slovakia, Urusi na China. Kijana wako akikaa katika ufundi huu, iko siku atawekewa moja mezani.

Taa tunazozisema si za kuangazia nyumba. Ni zile ambazo mafundi wa redio huziita vali. Tutazungumza juu ya taa kubwa tu, zile za mwisho zinazosukuma spika.

Ndani ya taa ya namna hii mna kathodi katikati, nayo hutiwa moto. Ikipata moto hutoa chembe ndogo za umeme ziitwazo elektroni. Upande wa nje iko pleti, ambayo huzivuta na kuzipokea. Kati yao ziko nyaya nyembamba zilizozungushwa kama uzio wenye nafasi. Uzio wa kwanza hupokea sauti ya gitaa, na kazi yake ni kuongoza: sasa zipite nyingi, sasa zipite chache. Uzio wa pili huitwa skrini. Skrini ina volti nyingi, karibu sawa na pleti, nayo husaidia kuzivuta elektroni. Nyingi hupenya katikati ya nyaya zake zikaenda kwenye pleti. Chache tu hunaswa na skrini yenyewe.

Mpigaji akipiga polepole, mambo ni mazuri. Akipiga kwa nguvu, volti za pleti hupanda na kushuka sana, na kila zinaposhuka huwa chini kabisa ya volti za skrini. Hapo elektroni huona skrini ndiyo yenye mvuto mkubwa, nazo huikimbilia. Skrini ni waya mwembamba tu, haikuumbwa kubeba mzigo wa pleti. Hupata moto, huwa nyekundu, hulegea, na mwisho huweza kugusa uzio wa jirani. Taa imekufa. Mara nyingine haifi peke yake, bali huondoka na transfoma, na bei ya transfoma yapita mbali bei ya taa.

Basi, mafundi huweka rezista moja katika njia ya umeme uendao kwenye skrini. Rezista haina akili, lakini hufanya kazi kana kwamba inayo. Mkondo ukiwa mdogo, yenyewe hupunguza volti kidogo tu. Mkondo ukizidi, hupunguza nyingi zaidi. Volti za skrini zikishuka, mvuto wake hupungua, na mkondo nao hurudi nyuma. Huyu ni mlinzi anayekaza mlango kwa kadiri watu wanavyosukumana.

Tufanye hesabu, maana kuchagua rezista bila hesabu ni kubahatisha. Kanuni ni ile iliyotangazwa na Georg Ohm, mwalimu Mjerumani, mwaka 1827: zidisha mkondo kwa omu, utapata volti. Twaa taa ya EL34 ambayo skrini yake hupewa volti 400 kwa njia ya rezista ya omu 1,000. Gitaa likinyamaza, skrini hula labda miliampia 5. Rezista itapunguza volti 5 tu. Gitaa likivuma, mkondo ukafika miliampia 20, zitapungua volti 20, na skrini itabaki na 380. Kwa kitambo kidogo mkondo ukiruka hadi miliampia 50, zitapungua volti 50.

Sasa tazama joto. Zidisha volti zilizopungua kwa mkondo, utapata wati. Kwa miliampia 20 ni wati 0.4. Kwa miliampia 50 ni wati 2.5. Ukiweka rezista ya wati 1 itaungua siku ya ngoma kubwa. Ndiyo sababu katika amplifaya za Marshall za wati 100, kutoka Uingereza, utakuta rezista za omu 1,000 zenye uwezo wa wati 5. Rezista ifanye kazi kwa nusu ya nguvu zake, au chini ya hapo, kama punda usiyemtwika mpaka magoti yatetemeke.

Lakini usidhani kipimo kimoja chafaa taa zote. Taa ya Marekani iitwayo 6L6 imeundwa kwa njia nyingine: nyaya za skrini zimejificha nyuma ya nyaya za uzio wa kwanza, hivyo hunasa elektroni chache. Kwa hiyo kampuni ya Fender, katika amplifaya zake za miaka ya 1960, iliweka omu 470 za wati 1, zikatosha. Fundi akitoa 6L6 na kutia EL34 katika amplifaya hiyo, lazima abadili na rezista pia, atie omu 1,000 za wati 5. Skrini ya EL34 yaweza kuvumilia wati 8 na ile ya 6L6GC wati 5, lakini EL34 hula mkondo zaidi, na ndipo wengi wanapodanganyika. Kampuni ya Vox, kwa taa ndogo za EL84, iliweka omu 100 tu, na mafundi wengi wa leo huongeza ili taa zidumu.

Je, tutie omu nyingi sana, tuwe salama kabisa? Hapana. Ukizidisha, nguvu ya amplifaya hupungua na sauti hulegea mpigaji akikaza. Wengine wanaupenda ulegevu huo, wengine hawautaki. Kati ya omu 470 na 1,000 utawapata wateja wengi. Ukifika 2,200 mwulize kwanza mwenye gitaa.

Shika pia mambo haya. Kila taa ipewe rezista yake, ili taa moja ikiharibika usilaumu zote. Chagua rezista isiyoshika moto, uiinue kidogo, isilale juu ya ubao wala juu ya waya mwingine. Ukikuta rezista ya skrini imeungua, usibadili rezista peke yake ukafurahi. Mara nyingi yenyewe ni shahidi, na mkosaji ni taa. Pima taa, au weka taa nyingine. Wala usithubutu kuunga waya mtupu mahali pa rezista ili mteja aondoke upesi. Umeondoa mlinzi na kuacha mlango wazi.

Na sasa neno la mwisho, nalo ndilo kubwa. Ndani ya amplifaya hizi mna volti 400 na zaidi, nazo huua. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi, kwa sababu kapasita huendelea kushika umeme hata chombo kikiwa kimezimwa. Kwanza chomoa. Kisha ondoa umeme wa kapasita polepole kwa rezista kubwa yenye waya uliofunikwa vizuri, usitumie bisibisi. Kisha pima kwa mita mpaka uone volti zimekwisha. Ndipo utie mkono. Kijana asifanye kazi hii peke yake nyumbani, na watoto wasikaribie meza.

Mzazi, mwulize mwanao swali moja jioni hii: "Ukizima chombo, umeme umekwisha?" Akijibu ndiyo, bado hajawa tayari kukifungua.

Juma lijalo tutaeleza hizo kapasita, na jinsi ya kuzijua zilizochakaa.