Vya kuchezea vya mikono: Tupime rangi, tusimuue fundi

Kila Idi ikikaribia, vijahazi vya mbao, magari ya waya na wanasesere wa vitambaa huonekana tena sokoni hapa Pwani. Ni kazi ya mikono ya watu tunaowajua. Lakini ni nani amewahi kuuliza rangi iliyopakwa kijahazi kile imetoka wapi?

Swali hili si la kumkomoa fundi. Sisi wa Pwani madini ya risasi tunayajua. Watu wa Owino Uhuru waliathirika na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sumu hiyo hiyo inaweza kuwa ndani ya rangi, na mtoto mdogo kila anachoshika hukitia kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Marekani waliligusa jambo hili kwa pupa. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ilirudisha mamilioni ya vitu vya kuchezea kutoka madukani, baadhi kwa rangi yenye risasi, vingine kwa sumaku ndogo zinazoweza kumezwa. Mwaka 2008 ikatungwa sheria kwamba kila bidhaa ya mtoto wa miaka 12 kushuka chini ipimwe na maabara huru. Kiwanda kinachotoa vipande laki moja kinaigawa gharama hiyo na hata haihisi. Seremala anayechonga magari 20 kwa mwezi, kila aina ikitakiwa vipimo vyake, itammaliza. Yaani kosa lilikuwa la kampuni kubwa, mzigo ukamwangukia mdogo. Mafundi wakapiga kelele.

Mwaka 2011 sheria ikarekebishwa. Mtengenezaji ambaye mauzo yake hayazidi dola milioni moja kwa mwaka, na hatoi zaidi ya vipande 7,500 vya bidhaa moja, alisamehewa baadhi ya vipimo vya maabara. Lakini rangi na vipande vidogo vya kukaba koo havikusamehewa. Mbao tupu isiyopakwa kitu na kitambaa cha pamba havihitaji kupimwa risasi, kwa kuwa kwa asili yake haimo.

Hapo ndipo Kenya ina la kujifunza. Nchi yetu tayari imeweka kikomo cha risasi katika rangi, sehemu 90 kwa milioni. Basi badala ya kumtaka fundi apime kila kijahazi, ipimwe rangi kule inakotengenezwa, na fundi atakiwe kununua kopo lenye lebo na kuweka risiti. Rangi ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina, aachane nayo.

Pili, vikundi vya mafundi vipime pamoja. Wachongaji wa Akamba Handicraft pale Changamwe wamekuwa kwenye ushirika tangu 1963, kwa hivyo kuungana si jambo geni kwetu. Kikundi kikitumia rangi moja na gundi moja, kipimo kimoja chawatosha wote, na kaunti inaweza kusaidia ada.

Tatu, kuna vipimo visivyotaka maabara. Kile cha vipande vidogo ni kikopo chenye upana wa milimita 32 hivi, na kina kinachoteremka kutoka milimita 25 hadi 57. Jicho la mwanasesere au gurudumu likizama lote humo, hicho si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Seremala anaweza kukitoboa kikopo hicho kwenye kipande cha gogo. Ofisi ya KEBS iliyo Mombasa iwafunze mafundi jambo hili kabla ya kuwatumia askari.

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe, lakini hawakumkusudia mtoto wa mwaka mmoja. Na wewe mzazi, Idi ijayo kabla hujatoa pesa, muulize fundi kapaka rangi gani. Wateja wakiuliza, fundi naye atamuuliza mwenye duka la rangi.