Kompyuta ya Zamani: Tupunguze Kasi, Tuongeze RAM

Katika chumba chetu cha habari ipo kompyuta ya mezani tuliyopewa na mfadhili, na siku hizi inatugawa kuliko mpira. Fedha kidogo zimechangwa ili iboreshwe, na mafrateri wengi wanataka zinunue kadi kubwa ya grafiki. Sisi tunaona vingine. Kasi ya prosesa irudishwe kwanza ilivyokuwa kiwandani, kisha inunuliwe RAM. Kadi ya grafiki iwe ya mwisho, tena iwe ndogo.

Tuijue kwanza mashine yenyewe. Prosesa yake ni Intel Core i5-2500K ya mwaka 2011. Kiwandani ilipangiwa kasi ya gigahezi 3.3, na kazi ikiwa nzito inapanda yenyewe hadi 3.7. Herufi K katika jina lake ina maana kwamba mwenye mashine ameachiwa nafasi ya kuizidisha. Aliyeitumia kabla yetu alikuwa mpenzi wa michezo ya kompyuta, akaipandisha hadi 4.5. RAM iliyomo ni gigabaiti 4 tu.

Wanaoitetea kasi hiyo wanauliza: kwa nini turudishe nyuma kitu kinachokwenda mbele? Swali ni la haki, lakini kasi haiji bure. Ili prosesa ihimili kasi kubwa, kwa kawaida huongezewa volti, na volti ikipanda kidogo umeme unaoliwa hupanda sana. Ukiongeza kasi kwa theluthi moja na volti kwa asilimia 10, umeme unakaribia mara 1.6 ya ule wa mwanzo, na wote unageuka joto. Hapo ongeza feni yenye vumbi na jua la mchana. Mashine iliyofikishwa ukingoni haizimiki kila mara. Wakati mwingine inakosea hesabu kimya kimya, na faili linaharibika bila mtu kujua. Anayecheza mchezo ataanza upya. Frateri aliyebakiza siku mbili kukabidhi tasnifu hana pa kuanzia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Katika falsafa tunazoezwa kuuliza kitu ni cha nini kabla ya kuuliza kina nguvu kiasi gani. Kompyuta hii ni ya nini? Ni ya kuandikia insha na tasnifu, kupanga kurasa za jarida hili, kusafisha picha, na mara chache kuhariri video ya Misa au ya kwaya. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi pamoja na programu ya picha, gigabaiti 4 zimejaa. Zikijaa, mfumo huanza kuhamishia mizigo kwenye hadidiski. Muda wa RAM kujibu hupimwa kwa nanosekunde, wa hadidiski ya kuzunguka kwa milisekunde, na milisekunde moja ni nanosekunde milioni moja. Hapo hata kasi ya 4.5 ni ya kusubiri tu. Ni kama mpishi hodari asiye na meza, ambaye kila akitaka kitunguu hutembea hadi stoo.

Katika kununua tuwe makini. Mazabodi hii inapokea DDR3. DDR4 haiingii hata ukiilazimisha, kwa kuwa pengo lake liko mahali pengine. Prosesa inaruhusu hadi gigabaiti 32, ila kwetu 16 zinatosha: vipande viwili vya 8 vinavyofanana, vya volti 1.5. Kidhibiti cha RAM nacho kimo ndani ya prosesa hiyohiyo. Tukiongeza RAM huku kasi imezidishwa, na mashine ikaanza kuganda, hatutajua kosa ni la kipi. Ndiyo maana tunasema kasi ishushwe kwanza. Vipande vikishafungwa, Memtest86+, programu ya bure, iachwe ivipime usiku kucha.

Kadi ya grafiki hatuidharau. Aliyewahi kuhariri video ya upadrisho anajua uchovu wa kusubiri faili la mwisho litoke, na kadi yenye uwezo wa kubana video hupunguza muda huo. Lakini nafasi ya kadi kwenye mazabodi hutoa wati zisizozidi 75. Kadi kubwa hudai nyaya za ziada kutoka kwenye pawa saplai, na yetu ni mzee tayari. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 imepangiwa wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada. Fedha zikibaki, na ikapatikana iliyotumika kwa bei nafuu, inunuliwe. Kubwa zaidi ya hiyo, kwa prosesa hii, ni bomba pana kwenye kisima chembamba.

Wenzetu wana hoja moja yenye nguvu: kadi itahamia kwenye kompyuta ijayo, RAM ya DDR3 haitahamia. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Tukiweka Linux, mashine itatusogeza miaka kadhaa, si zaidi. Lakini hayo yanatufundisha kutumia kidogo, na kutumia kwa kazi iliyopo. Kompyuta ijayo haijulikani itatoka wapi. Tasnifu zinaandikwa muhula huu, tena foleni ya kuzichapa inafika mlangoni.

Tena fedha hizi ni sadaka za watu, baadhi yao wenye shida kuliko sisi. Tunaiomba kamati ya chumba cha habari ianze na yasiyo na gharama: ipulize vumbi, iingie kwenye BIOS na kurudisha mipangilio ya kiwandani, kisha iiache mashine ifanye kazi wiki nzima. Baada ya hapo ndipo mweka hazina afungue bahasha.